Kanga na Ua Lake Safi

Paukwa.

Pakawa.

Itikieni vizuri, hii si ya kuchekea.

Hapo zamani za kale palikuwa na kisiwa cha ndege watupu. Walitaga chini, walilala chini, adui hawakumjua. Siku moja kikaja chombo cha mpunga, na katikati ya magunia alijificha Nguchiro. Akashuka. Ndege wakienda kisimani, yeye anakula mayai. Kap, kap, kap. Maficho yake hakuna aliyeyajua.

Yangeyange, anayeruka juu na kuona kisiwa kizima, akasema, "Mkienda kisimani, mwageni jivu mlangoni. Nitapita kutazama nyayo. Nitachora ramani hapa kwenye tope. Penye nyayo, jiwe jeusi. Pasipo nyayo, jeupe. Tukijua anakolala, jirani yetu Kaa wa ufukweni atachimba shimo la mtego."

Wakamwaga jivu. Lakini Kanga akirudi kutoka kisimani, kwanza ufagio. Siku hiyo akakuta nyayo. Zimepita mlangoni, zimeingia kichakani nyuma ya nyumba. Mayai yake aliyafunika majani, hayakuguswa.

"Watasema kwangu wanapita wezi," akawaza. Akafagia. Fya, fya, fya.

Yangeyange akafika. "Dada Kanga, kwako vipi?"

"Kwangu pasafi, shemeji. Kamuulize Kwale, yule asiyejua ufagio."

"Na jivu?"

"Jivu la nini mbele ya wageni?"

Yangeyange akaweka jiwe jeupe.

Kwale akaitazama ramani. Kote meusi, kwa Kanga jeupe. Akabeba mayai yake ya mwisho.

"Shoga, nihifadhie wanangu. Najua unanisema, ila sina pengine."

Kanga akazikumbuka zile nyayo. Akayapokea.

Kesho yake akamwaga jivu, jingi. Akafunika mayai. Majani hayakutosha. Wakaenda kisimani.

Kap, kap, kap. Ya Kwale. Na ya Kanga mwenyewe.

Waliporudi, ufagio haukuguswa. Wakafuata nyayo mpaka kichakani. Kaa akachimba, Nguchiro akatumbukia, puu. Ikawa faida gani? Kwale aliokota maganda, akaondoka.

Kanga akajigaragaza kwenye jivu, akilia. Halikumtoka. Ndiyo yale madoa meupe mnayoyaona mpaka leo.

Basi shikeni hili: ramani huona kile tu tulichokubali kuionyesha. Anayefuta nyayo za adui ili asifiwe, humfagilia njia.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye jivu. Anayefagia kwake, atazame kwanza.