Maharage Uwanjani

Mkufunzi mmoja wa chuo cha ualimu alikuwa na timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, na timu hiyo ilishinda kila mwaka. Jina lake Tunsume. Chuo chake kilikuwa mlimani. Kilikuwa na bweni lenye magodoro mapya, na wasichana wa timu walikula yai kila asubuhi. Vyuo vingine vitano vya kanda vilikuwa chini yake kwa kila kitu.

Kushinda hakukumtosha. Mwaka mmoja chuo cha bondeni kilimkaribia kwa pointi mbili tu, kwa sababu ya msichana mmoja aliyeitwa Sekela. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono iliyozoea kubeba mikungu ya ndizi. Siku ile Tunsume alirudi nyumbani kama mtu aliyenusurika ajalini.

Muhula uliofuata Sekela alipata barua ya uhamisho kwenda mlimani, viatu vya raba na godoro. Wazazi wake walishukuru. Nani asingeshukuru? Kisha akafuata mwenzake, kisha mwingine, mpaka watano wa bondeni wakawa mlimani. Vyuo viwili vingine navyo vikaondokewa na manahodha wao.

Wanaocheza ni watano. Tunsume alikuwa na watano wake aliowazoea, na hao ndio waliocheza. Sekela na wenzake walikaa benchi, wakashika taulo na chupa za maji. Alipoulizwa anawaweka wa nini, Tunsume alijibu kwamba panga likiwa nyumbani kwako halitakata migomba yako. Watu walicheka, maana ilikuwa kweli.

Miaka miwili ikapita hivyo.

Sasa, sheria ya mashindano ilisema kwamba bingwa wa kanda haendi mashindano ya taifa mpaka awe amecheza mechi tatu. Mwaka huo vyuo viwili, vile vilivyoondokewa na manahodha, vilituma ujumbe kwamba havina timu. Tunsume alikuwa amecheza mechi mbili. Ya tatu ilikuwa bondeni, na siku iliyofuata orodha ya majina ilikuwa inafungwa. Wasichana kumi na wawili walipanda basi la chuo wakiimba. Kwa wengi wao ulikuwa mwaka wa mwisho. Mabegi ya safari ya taifa walikuwa wameshayafunga.

Waliposhuka, wimbo ulikatika.

Uwanja mzima ulikuwa umeanikwa maharage. Maharage mekundu, kutoka goli hadi goli, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na saruji nzuri. Goli moja halikuwa na ringi. Ringi ilikuwa jikoni, imewekwa juu ya matofali, na mtungi wa maji umekalia juu yake. Mwalimu Anyosisye, kocha wa bondeni, alikuwa amevaa mabuti na anageuza maharage kwa ubao. Aliwasalimia vizuri, akauliza habari za njiani, akaomba radhi kwamba chai imekwisha.

Tunsume alidhani ni utani. Akamkumbusha kwamba leo kuna mechi. Kisha akamvuta pembeni, akamweleza kwamba wasipocheza leo, wasichana wake hawaendi popote.

Anyosisye aliegemea ubao wake.

"Timu yangu umekuja nayo mwenyewe, madamu. Hiyo hapo nyuma yako, imeshika taulo."

Hakusema kwa hasira. Tunsume aligeuka akawatazama wale watano, na ilikuwa kama mara yake ya kwanza kuwaona wamesimama pamoja. Halafu akasema basi, wachukue, kwa leo tu. Mwamuzi, mama wa makamo aliyekuja na pikipiki, alisema makocha wakikubaliana yeye ataandika.

Wapishi wakasukuma maharage pembeni kwa fagio. Ringi ikaondolewa chini ya mtungi, ikafungwa kwa waya. Jezi za zamani zikatolewa stoo, zinanuka panya. Habari zikaenea, na watu wakaacha kuchuma chai wakaja kumwona Sekela. Walimwita binti yetu. Mzee mmoja alimwambia mwamuzi aandae kalamu mbili, moja itaisha wino kwa pointi za huyu mtoto.

Mpira ukamfikia Sekela mbele ya goli, na hakuna aliyemkaba. Akaushika. Hakuruka wala hakutupa. Aligeuza shingo akaangalia benchi la Tunsume, kama mtu anayengoja kutumwa. Wachezaji wa mlimani wakamchukulia mpira mikononi kama unavyomchukulia mtoto kijiko.

Watu walidhani ameteleza. Mara ya pili akafanya vilevile. Mara ya tatu hakuna aliyeita tena jina lake. Mpishi mmoja aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. Yule mzee aliondoka bila kuaga. Na Tunsume, aliyewahi kumwogopa msichana huyu kuliko chuo kizima, aliacha kuwaelekeza wachezaji wake, kwa kuwa hakuna aliyempiga Sekela, hakuna aliyemvunja mfupa. Alikuwa amekalishwa tu.

Mechi iliisha tisini na moja kwa nne. Mwamuzi akaandika, makocha wakasaini. Anyosisye alirudisha maharage yake uwanjani, kwa sababu jua lilikuwa bado lipo.

Wakaenda taifa. Mechi ya kwanza, robo ya pili, walikuwa nyuma kwa pointi sita. Sita tu. Kila timu duniani imewahi kuwa nyuma kwa sita. Lakini wasichana hawa hawakuwahi, na hawakujua kwamba mtu hurudi kutoka huko. Mmoja akaanza kumlaumu mwenzake. Mwingine akakaa chini akishika kifundo kisichouma. Nahodha alilia huku mpira uko mkononi. Sita zikawa ishirini, ishirini zikawa arobaini, na watu jukwaani waliokuja kuwaona mabingwa wakaanza kuulizana kama hawa ndio wale wanaosemwa.

Tunsume akageukia benchi kutafuta wa kumwingiza. Saba walikuwa wamekaa pale, na kila mmoja aliwahi kuwa hodari wa chuo chake. Hakuna aliyeinua macho.

Nami nawauliza ninyi mlio na nguvu: mkishamwondolea jirani kila mtu aliyeweza kuwaangusha, nani atakuwa amewafundisha kuinuka?