Nyongeza ya Mbuni

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni pakawa ya waliokula au waliolala njaa? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata babu yangu alihadithiwa tu, palikuwa na kijiji kiitwacho Vumbini. Mgeni hakuwa akifika. Walikuwa wakiuziana wenyewe kwa wenyewe. Leo nakuuzia mimi, kesho unaniuzia wewe, na wote wakabaki vile vile.

Siku moja Tumbili, mpiga mbiu, akaja na pembe yake. Puuu, puuu. La mgambo likilia lina jambo.

"Enyi watu wa Vumbini," akasema, "wanyama wa bara zima watashindana mbio. Njia itapita hapa, katikati ya gulio letu. Wageni wanakuja, na mgeni ni riziki. Jitayarisheni."

Basi kijiji kikaingia wazimu. Kobe akachonga viti vya kukodisha. Nyani akapanda minazi, akaangua madafu, pu, pu, pu, mpaka minazi ikabaki na makuti tu. Fisi naye, msinicheke mimi, Fisi akaleta vitana. Akaulizwa, "Fisi, mkimbiaji na kitana wapi na wapi?" Akajibu, "Upepo utamtimua nywele. Mtaona."

Sasa palikuwa na Bi Nungunungu, mjane mwenye wanawe, muuza mihogo ya kuchoma. Mihogo yake ilikuwa na sifa, ndimu na pilipili juu. Yeye akafanya kubwa kuliko wote. Aling'oa shamba lake zima, halikubaki shina. Nanyi wenye mashamba mnajua: muhogo ukiwa ardhini hukungoja, ukishaung'oa haukungoji. Usipouzwa leo, keshokutwa umeoza, na wanawe wangekula nini mwaka mzima? Alilijua hilo. Akawasha makaa, akajisemea, "Mungu hamtupi mja wake."

Siku ikafika. Mara, gidi gidi gidi, gidi gidi gidi. Swala hao. Pundamilia hao. Ngiri huyo, mkia juu. Bi Nungunungu akaukamulia ndimu muhogo wa kwanza, akaunyoosha. "Karibuni, jama..."

Vruuu. Wamekwenda.

Hakusimama hata mmoja. Mtu yuko mashindanoni, atatafuna muhogo saa ngapi? Kilichobaki ni vumbi. Vumbi juu ya viti, vumbi kwenye madafu, vumbi kwenye mihogo. Kobe akapiga chafya. Fisi akaanza kujichana mwenyewe. Bi Nungunungu akautazama mlima wake wa mihogo, machozi yakamlengalenga.

Hapo akatokea Mbuni, wa mwisho kabisa. Alichelewa kwa sababu kila alipoona dimbwi alisimama kujitazama. Harufu ya muhogo ikampata. Akashusha shingo huku anakimbia, akanyakua mmoja, akatupa kauri yake ya malipo mezani, ti, akaenda zake.

Sasa Vumbini wana desturi yao. Mnunuzi wa kwanza haondoki bila nyongeza, hata iwe ncha tu ya muhogo. Akiondoka bila hiyo, biashara ya siku nzima imeingia mkosi.

"Wewe Mbuni, nyongeza yako," akaita Bi Nungunungu. Mbuni hakusikia. Mama akawaambia wanawe watazame makaa, akashika kipande cha muhogo, akajifunga kibwebwe, akatoka mbio.

Nungunungu akikimbia, miiba huimba. Chaka chaka, chaka chaka.

Mbuni akageuza shingo. Akamwona mama amevimba, miiba imesimama, mkono juu. Akajisemea, "Kauri yangu ilikuwa mbovu. Leo nitatobolewa." Akaongeza mbio.

"Simama nikupe," akaita Bi Nungunungu.

"Sitaki," akajibu Mbuni.

"Lazima uipate."

"Nimekwisha kutubu, mama."

Kwa hofu ile Mbuni akampita Ngiri, akampita Pundamilia, akampita Swala. Nao waliposikia chaka chaka nyuma yao, hawakuuliza, wakamfuata Mbuni. Na Mbuni alikuwa akitazama nyuma tu. Njia ilikwenda kulia, yeye akakata kushoto, akazunguka kilima, akarudi pale pale Vumbini.

Gidi gidi gidi, chaka chaka. Wakapita gulioni.

"Hawa nimewaona," akasema Fisi.

Wakazunguka kilima tena. Gidi... gidi... chaka... chaka. Ndimi nje.

"Hata mimi nimewaona," akasema Kobe.

Walipozunguka tena, Mbuni akaanguka puu mbele ya kibanda cha mihogo. Swala akaanguka juu ya Mbuni. Pundamilia akaanguka juu ya Swala. Ngiri akatafuta pa kuanguka akakosa, akaketi kwenye kiti cha Kobe.

Bi Nungunungu akafika, anahema. Mbuni akafumba macho. "Mama, nichome taratibu."

"Nikuchome kwa lipi, baba? Umenunua ukaenda bila nyongeza." Akamtia kipande mdomoni.

Mbuni akatafuna. Akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili. "Mbio zote zile ni kwa kipande hiki?"

"Ndiyo desturi yetu."

"Basi nipe sinia zima."

Wengine nao njaa imewashika, miguu imekataa kwenda. Wakala, wakanywa, wakalala hapo hapo. Madafu yakaisha. Viti vikajaa, Kobe mwenyewe akabaki amesimama. Hata kitana, jamani. Pundamilia alinunua akachana shungi lake, na Fisi akawatazama wote waliomcheka, mmoja mmoja. Mihogo ya Bi Nungunungu haikubaki hata ganda. Akarudi nyumbani na wanawe, huku analia, huku anacheka, na asubuhi akapanda vijiti vya muhogo shambani.

Mwaka uliofuata Tumbili akapiga pembe tena. Safari hii mbio hazikupita Vumbini, ziliishia Vumbini, gulioni, mbele ya mihogo. Mbuni akaja wa kwanza kuandikishwa. Akasema ushindi achukue atakaye, yeye amefuata nyongeza.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimechoka kama Ngiri. Lakini kwangu pia mtu haondoki mikono mitupu. Nyongeza yenu ni hii: mgeni apitaye mbio huacha vumbi, mgeni aliyeketishwa huacha riziki. Basi mfuateni kwa ukarimu mpaka aketi.