Marehemu Aje Mwenyewe

Mniwie radhi mapema, hadithi hii naiharibu. Bibi yangu aliijua vizuri, ila yeye hayupo, mmeangukiwa na mimi. Nikisema "Foleni," itikieni "Tumo."

Foleni!

Tumo!

Inasogea?

Wapi!

Hapo kale wanyama walipigana vita na nyoka. Bwana Nguchiro akafia huko, kagongwa na swila. Simba akaamuru kila mjane wa askari apewe mayai, watoto wasilale njaa. Funguo za ghala akakabidhiwa Fisi.

Mjane wa Nguchiro akaenda. Nyumbani watoto walikuwa wakitafuna mizizi, mbavu nje.

"Shikamoo, afande. Nimefuata mayai ya marehemu mume wangu."

"Marahaba. Uhakiki kwanza. Aje mwenyewe."

"Amekufa, afande."

"Basi aje athibitishe."

Nyuma ya dirisha, kochokocho, Fisi anatafuna mayai. Mjane akarudi.

Kesho yake akaenda tena. "Afande, kaburi halina mlango."

"Kama haji yeye, aje aliyemuua. Tunataka shahidi."

Kochokocho. Mjane akarudi. Njiani akasimama, akacheka peke yake.

Siku ya tatu akaja na tenga kichwani, limefunikwa kitenge. Ndani: hsss, hsss.

"Nini hicho, mama?"

"Shahidi, afande. Swila mwenyewe. Nimemtoa mbali, hajala, na njia nzima anauliza ni nani aliyemwita."

Fisi akaweka yai chini. "Mwambie nimeridhika."

"Hapana, afande, utaratibu ni utaratibu. Fungua dirisha nimpitishe."

Hsss!

Fisi hakufungua dirisha, alitoka nalo shingoni. Puu, kacha, tifutifu, vumbi likamfuata mpaka ng'ambo ya mto. Funguo zikabaki mlangoni.

Mjane akatua tenga, akafunua kitenge. Ndani alikuwa mama mkwe wake, mgonjwa wa pumu.

"Pumua taratibu, mama. Kakimbia."

"Mwanangu alimkabili swila," kikongwe akasema. "Hili jitu limekimbia kifua changu. Nipe yai."

Wajane wote wakaitwa. Watoto wakala, wakasaza.

Nimeitua hapo. Funzo lake: fuateni utaratibu, heshimuni dirisha, wala msimtishe mtumishi wa umma akiwa anakula. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, niachieni.

Na msimlaumu Fisi. Pori zima lilikuwa mkononi mwangu, Twiga yupo, Swala yupo, wote hawali mayai. Nikampa funguo Fisi, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.