Mbegu za Aliyepanda

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ambayo mimi mwenyewe nimekula boga lake na sahani nikalamba, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwembegu, chini ya milima ya Usambara. Kaeni vizuri. Wewe uliyejilaza, keti. Watu wa Kwembegu hawasimuliwi kwa watu waliojilaza.

Kwembegu kila nyumba ilikuwa na bustani uani. Mawingu ya masika yakianza tu kujikusanya mlimani, utawaona wenyewe: huyu anachambua udongo, yule anabeba samadi kichwani, mwingine amechuchumaa anasemesha miche ya bamia kama anasemesha wajukuu. Mgongo unauma, kucha zimejaa udongo, na mtu anaimba! Mvua ya wiki tatu ikipita, uani hapapitiki. Mchicha, kunde, mnavu, bamia. Mgeni akija haulizwi atakula nini, anaambiwa, "Chagua mwenyewe, uani pale."

Lakini kilichowafanya Kwembegu watembee wametanua vifua ni boga. Boga jeupe nje, ndani rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Ulipike kwa tui, usitie sukari, na mwenye kula atakuuliza umetia sukari kiasi gani. Lilikuwa linakaa mwaka mzima juu ya dari bila kuoza.

Na desturi ya kule ilikuwa hii. Boga haliitwi kwa rangi, wala kwa utamu. Linaitwa kwa jina la mtunza mbegu. Enzi hizo lilikuwa boga la Bi Siwema. Kabla yake liliitwa boga la Bi Mwanashehe, mama yake. Boga likipelekwa harusini mbali huko, watu waliopo walisema, "Ahaa, hili ni la Bi Siwema," na Bi Siwema mwenyewe hawajamwona hata kisogo. Hiyo ndiyo heshima. Mimi nimezunguka sana, sijaona heshima nyingine ya namna hiyo.

Ila watu wa Kwembegu, nawapenda lakini nitawasema, walikuwa na ujinga wao mmoja. Kwa kuwa mtunza mbegu yupo, hakuna mwingine aliyetunza. Mbegu za maboga yao walizikaanga na chumvi wakatafuna, wakijua masika yajayo wataomba kwa Bi Siwema. Kijiji kizima, mbegu zote katika kibuyu kimoja!

Mwaka mmoja, maboga ya darini yameshaliwa yote, panya walikula kizibo cha kile kibuyu. Bi Siwema aliposhusha kibuyu, akakitikisa, hakikulia. Akakipasua. Ilikuwamo mbegu moja, imenasa shingoni mahali ambapo panya hakupenya.

Bi Siwema alikaa chini akalia, na si mtu wa kulia. Kisha akajifuta kwa upindo wa kanga, akawaita watu wa nyumbani mwake watatu. Binti yake Mwanamvua, aliyekuwa ameachika na kurudi kwao. Mwanawe wa kiume, Shekue. Na mke wa Shekue, Mwantumu, aliyetoka ng'ambo, Unguja.

Akawaambia, "Mwaka huu mimi sipandi. Magoti yamegoma. Mbegu ni hii, nyingine hakuna duniani. Boga likija likafika jikoni kwangu, mbegu zake ni za aliyepanda, na jina ni lake. Nimemaliza."

Za aliyepanda. Lishikeni neno hilo. Litatutesa.

Mwanamvua ndiye aliyeichukua ile mbegu. Hakuitupa shimoni hivi hivi. Aliifunga ndani ya kitambaa kibichi, akakifunga kitambaa kiunoni, ngozi kwa ngozi, ndani ya kanga. Siku tatu alitembea nayo, akapika nayo, akalala nayo chali asije akailalia. Mchana alikwenda ng'ambo ya mto kuchukua samadi, kikapu baada ya kikapu, maji ya mto yamemfika mapajani. Udongo aliuchekecha kwa chekeche la unga. Mama yake akapiga kelele, "Chekeche langu!" Mwanamvua akamjibu, "Mama, utakula unga wenye mapumba mwaka mmoja, au utakosa boga maisha?" Siku ya nne akafungua kitambaa, mbegu imechomoza kijimzizi cheupe. Akaipanda nyuma ya jiko. Mvua ikachelewa siku kumi na moja, na siku hizo kumi na moja alinywesha kwa kata, asubuhi na jioni, maji ya mtoni.

Ikawa mbegu moja, mche mmoja.

Mche ukatambaa. Ukaona ukuta wa jiko, ukaukwea. Ukaona paa la makuti, ukalikwea nalo, ukatandaa huko juu kama umelipia kodi. Maua yakaja, ya kiume tele, ya kike matatu tu, yale yenye kijiboga kidogo nyuma yake. Lakini masika ya mwaka ule hayakuwa na adabu. Mvua ilikuwa inaanza alfajiri na kuacha adhuhuri, na nyuki hatoki mzingani na mvua. Ua la kwanza la kike likafunguka, halikutembelewa, likaoza, likadondoka. La pili likafunguka, likaoza, likadondoka. Mwanamvua akaanza kukosa usingizi.

Hapo ndipo Mwantumu alipofungua mdomo. Kwao Unguja walikuwa wakulima wa vanila, na ua la vanila halizai mpaka mkono wa mtu uliozeshe. Akamwambia mwenziwe, "Wifi, hili la tatu lisipoozwa litaoza."

"Ua linaozwaje, wifi? Utalitafutia mahari?"

"Mume wake yupo, tele pale juu. Kilichokosekana ni mshenga."

Mwantumu alikuwa na mimba ya miezi saba, kukwea paa hakuweza. Akachuma ua la kiume lililofika ukingoni mwa makuti, akalichana mavazi yake ya manjano ubaki unga wake, akalifunga kwenye ncha ya ufito mrefu. Akapindua kinu, akasimama juu yake. Bi Siwema alipoona mtu na mimba yake juu ya kinu alitaka kuzimia, maana kwao kinu hakikaliwi, sembuse kukanyagwa. "Shuka! Utaleta mkosi!"

"Mama, nikishuka mkosi umeshakuja."

Asubuhi tano alisimama pale, mvua inamchapa, kila siku na ua jipya la kiume, akingoja lile la kike lifunguke. Asubuhi ya sita likafunguka. Akaligusa kwa ncha ya ufito mara moja, mbili, tatu. Likafunga jioni. Kufika Ijumaa kijiboga kimeshika, kimekuwa ngumi.

Mche mmoja, ua moja. Ua moja, boga moja.

Boga likanenepa. Likawa kama mtungi. Nalo limekaa mteremkoni mwa paa, na makuti ya mahali pale yalikuwa yameoza siku nyingi. Likaanza kuteleza, kila siku kidogo, na kikonyo chake kikaanza kupasuka. Kulichuma haiwezekani, maana boga changa mbegu zake ni maji matupu. Juu ya hayo, ngedere walishaliona. Walikuwa wanakuja kukaa kwenye mfenesi, wanalitazama, wanatazamana.

Sasa Shekue. Nitawaeleza habari za Shekue, na msicheke. Shekue alikuwa mwanamume mwenye nguvu, mpole, na mwenye hofu ya kwenda juu. Minazi yake ilikwewa na wengine. Akipanda hata kigoda kutundika taa, jasho linamtoka. Kijiji kilimpa jina, Shekue wa Chini. Lilimuuma, alikuwa anacheka nao tu.

Siku kikonyo kilipopasuka nusu, Shekue alisimama uani akatazama juu. Akatazama dada yake. Akatazama mkewe. Akavua viatu, akavaa kikoi chake cha idi, akalikumbatia shina la mfenesi kama mtu anayeaga, akakwea. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Alikuwa anakwea huku amefumba macho! Alipofika paani alilala kifudifudi kitambo kirefu, na tukadhani amekufa. Kisha akavua kikoi kile cha idi, akabaki na kaptura mbele ya mama yake na majirani, akalifunga boga ndani yake kama mtoto mbelekoni, na pindo mbili akazifunga kwenye mti mkuu wa paa.

Kushuka hakuweza. Na ngedere wako pale. Basi akakaa. Akapelekewa ugali kwa kikapu na kamba. Siku kumi na tisa Shekue alikuwa paani, jua lake, manyunyu yake, anarushiana mafenesi na ngedere. Siku ya ishirini kikonyo kilikauka, boga limekomaa. Akalikata, akalipakata. Hapo makuti mabovu yakaachia, Shekue na boga lake wakapita katikati ya paa mpaka jikoni, puu! Mkono wa kushoto ulivunjika mahali pawili. Boga halikupata hata mkwaruzo. Alianguka chali makusudi, amelikumbatia, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Limefika jikoni."

Kweli lilikuwa limefika jikoni.

Likapikwa. Kila nyumba ilipata kipande, hata kama ni cha kidole. Wazee walifumba macho walipolionja. Na mbegu zikatandazwa juu ya ungo, mia mbili na sitini na nne, nono, nyeupe. Siku hiyo Kwembegu nzima ilikuwa imesimama wima, na mimi nilikuwamo.

Bi Siwema akauvuta ungo mbele yake. "Nilisema ni za aliyepanda. Aje achukue."

Watatu wakasimama pamoja.

Mwanamvua akasema, "Mama, aliyepanda ni mimi. Hata mtoto anajua kupanda ni kutia mbegu ardhini. Niliiatamia kwa ngozi yangu. Bila mimi pasingekuwa na ua la kuozwa wala boga la kupakatwa." Akawageukia waliokusanyika. "Na nitasema mbele ya watu, sioni haya. Wenzangu wanaitwa mama fulani, mama fulani. Mimi sina mtoto wa kuitwa kwa jina lake. Nataka boga hili liitwe kwa jina langu."

Shekue, mkono umening'inizwa shingoni, akasema, "Dada, nakuheshimu. Lakini mama hakusema aliyepanda mbegu. Alisema aliyepanda, akanyamaza. Watu wote hawa waliniona. Nani alipanda? Nilipanda mfenesi, nikapanda paa, mimi niliyeshindwa kupanda kigoda. Lingeanguka kabla ya wakati, leo ungo huu ungekuwa na maji. Na tangu siku ile hakuna aliyeniita Shekue wa Chini."

Mwantumu akaweka mkono tumboni, akatabasamu, maana yule mwanamke alikuwa na ulimi. "Mume wangu, kama ni kupanda hivyo, mimi nilipanda kinu kabla yako, na mimba juu. Lakini sisemi hilo. Wafugaji mpo hapa. Jogoo anapompanda kuku, mnasema amefanya nini? Ng'ombe akipelekwa kwa dume, si amepandishwa? Bila kupandwa, yai ni la kukaanga tu, halitoi kifaranga. Ua lile lilipandwa kwa mkono huu. Maua mawili wifi yangu aliyapanda vizuri kabisa, na yote mawili yalioza. Miaka sita naitwa mgeni kutoka ng'ambo. Boga likiitwa kwa jina langu, nani ataniita mgeni tena?"

Watu wakageuka kumtazama Bi Siwema. Neno lake, alimalizie mwenyewe!

Bi Siwema akasugua magoti yake. "Mkinibana nitasema kweli. Siku ile nilikuwa namfikiria wa kutia mbegu shimoni. Ndivyo nilivyofanya mimi miaka arobaini, nikaingia ndani, na boga likaja lenyewe. Sikujua kama kuna mwaka boga litataka watu watatu. Ningejua, ningesema hivyo? Sijui. Na neno limeshatoka, si langu tena. Niliahidi aliyepanda, na kila mmoja amepanda kwa Kiswahili safi."

Jirani mmoja akapendekeza mbegu zigawanywe mafungu matatu. Wote watatu wakakataa kwa pamoja. Mbegu wangegawana hata leo, walisema. Jina je? Boga la nani na nani na nani? Nani ataita hivyo sokoni?

Ungo ukabaki katikati yao, mbegu zinakauka. Hawakununiana, nyumba ile haikuwa ya kununiana. Mwanamvua ndiye aliyempokea mtoto wa Mwantumu alipozaliwa. Shekue alipona mkono, ukapinda kidogo, akawa anauonyesha kwa wageni. Lakini kila mmoja akipita karibu na ule ungo alikuwa anapunguza mwendo.

Mpaka vuli ikanukia. Asubuhi moja akaja mwanamke kutoka kijiji cha mlimani, amechoka, miguu ina matope, ana kijiti cha kuchimbia mashimo na mfuko mtupu. Wale watatu walikuwa barazani. Yule mwanamke akasema, "Hodi wenyewe. Nimetembea tangu alfajiri. Nimesikia boga lenu limepona, naomba mbegu nami niweke uani kwangu. Mbegu za boga la..."

Akasita. Akawatazama wote watatu, mmoja mmoja. "Samahanini. Huko njiani nimesahau kuuliza. Ni boga la nani?"

Na wao wakakutazama wewe. Ndiyo, wewe uliyekuwa umejilaza. Mgeni yuko mlangoni, mvua inakuja, mfuko umefunguliwa. Je, utamtajia jina la nani?