Alama ya Kimya

Sogeeni, na atakayeogopa asije kuniamsha usiku.

Zimwi lilikuwa likifundisha watoto piano. "Mkifika kwenye alama hii ya kimya," lilionya, "vidole kimya, mdomo kimya."

Kheri akacheza, akafika pale. Piano ikamwita kwa sauti ya mama yake. Mtoto wa watu ana adabu zake, akaitika, "Naam!" Papo hapo akageuka nota nyeusi kwenye karatasi.

Rukia naye akaitwa, akaitika, "Abee!" Akawa nota kando ya Kheri.

Ikaja zamu ya Mize. "Mize! Mize! Mize mwanangu!" Akaung'ata ulimi mpaka wimbo ukaisha, akatimua mbio kwao, akajifungia ndani.

Mara mlangoni: "Mize!"

Hadi leo mama yake yuko nje anaita, na Mize yuko ndani, ameung'ata ulimi.