Bi Zawena na Nyuzi Tatu za Jabali

Jamani, mpo?

— Tupo!

Mpo wote?

— Wote tupo, hata asiyekuwepo!

Niwape uongo?

— Tupe, tutaugeuza kweli wenyewe!

Basi sogeeni. Palikuwa na jabali. Si jiwe la kukalia hili, jabali hasa, limepasukapasuka, na ndani yake mna chumba kimoja kipana chenye giza totoro. Humo walikaa pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene, hana mkia, na sauti yake ni kubwa kuliko mwili wake. Ukimwona utadhani panya aliyeanza kula akasahau kuacha.

Chumba kile kilikuwa na milango mitatu. Mlango wa Mawio, upande jua linakotokea. Mlango wa Machweo, upande jua linakozama. Na Mlango wa Juu, tundu jembamba la kutokea kileleni, pimbi anapita, aliyemzidi pimbi hapiti. Jiwe la kuzibia je? Jiwe lilikuwa moja. Moja tu! La duara, zito, la kusukuma kwa bega.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Majani yaliungua yote. Pimbi wakubwa wakakubaliana wavuke bonde, waende kwenye mikuyu, wale, warudi na matunda. Siku tatu. Watoto wasingeweza safari ile, maana uwanda ni mweupe na tai yuko juu. Watoto walikuwa kumi na mmoja. Nani abaki nao?

Wakamtazama Bi Zawena. Mguu wake mmoja wa nyuma tai alikuwa ameuharibu zamani. Alitembea kwa kuuburura, kwaru, kwaru.

"Dada Zawena," akasema Bwana Sufiani, mkubwa wa ukoo, "tunakuachia wewe."

"Milango mitatu, jiwe moja, na mimi mguu mmoja mbovu?"

"Ndiyo, dada."

"Na Chui je?"

Bwana Sufiani akatazama chini. Wiki ile Chui alikuwa amekula pimbi wawili, na hakuwa hata na njaa. Alikula kwa kuwa walikuwepo. "Chui," akasema, "yupo."

"Haya nendeni. Mkirudi mtanikuta."

Wakaenda. Bi Zawena akabaki katikati ya chumba, watoto wamemzunguka, na akili inamzunguka pia. Akae mlango gani? Akikaa wa Mawio, Chui atapita Machweo. Akikaa Machweo, atapita Mawio. Akainua macho, akamwona Buibui pale juu pembeni, anafuma mambo yake.

"Mwenzangu," akamwita, "uzi wako ukiguswa kule mwisho, wewe huku unajua?"

"Hata inzi akikohoa najua," Buibui akajibu.

"Nitegee nyuzi tatu. Mmoja kila mlango. Ncha zote nipe mimi."

Buibui akashuka, akafanya kazi. Uzi wa Mawio Bi Zawena akaushika mkono wa kulia. Uzi wa Machweo akaushika mkono wa kushoto. Uzi wa Juu akaubana kwa meno. Akaketi gizani, haoni kitu, anajua kila kitu.

Siku ya kwanza. Bi Zawena ameshika nyuzi, anasikiliza. Uzi wa Mawio umetulia. Uzi wa Machweo umetulia. Uzi wa Juu umetulia. Watoto kimya. Jua likapanda. Uzi wa Mawio umetulia. Uzi wa Machweo umetulia. Uzi wa Juu umetulia.

Tk.

Mkono wa kulia.

Tk, tk.

Mawio! Bi Zawena akaweka bega kwenye jiwe. Grru, grru, grruuu... du! Mlango ukaziba. Na nyuma ya jiwe, karibu kama pua yako na mdomo wako, pumzi nzito: hhhaaa. Hhhaaa.

"Hodi," ikasema sauti, laini kama mafuta.

"Nani mwenzetu?"

"Mjomba wenu. Nimekuja kuwajulia hali watoto."

"Watoto hawajambo."

"Nifungulie niwaone basi."

"Ungekuwa mjomba," akasema Bi Zawena, "ungeingia kwa kutambaa kama sisi. Wewe umeinama mpaka mgongo unakwaruza mwamba."

Chui akacheka, akakwangua jiwe kwa kucha, krrr, krrr, moyo wa kila mtoto ukaruka. Kisha akaondoka, na Bi Zawena akalirudisha jiwe katikati ya chumba. Mnadhani Bi Zawena alifurahi? Hakufurahi. Alikaa akiwaza: amekuja mlango mmoja, kesho atakumbuka ule mwingine.

Siku ya pili. Bi Zawena ameshika nyuzi, hajasinzia. Uzi wa Mawio umetulia. Uzi wa Machweo umetulia. Uzi wa Juu umetulia.

Tk, tk! Mawio tena. Bega kwenye jiwe. Grru, grru, grruuu... du! Akatega sikio asikie pumzi nzito. Hakuna pumzi. Akachungulia ufa mdogo: pale nje palikuwa na kijiti tu, kimetupwa, kimeangukia uzi.

Akageuka haraka. Kwani sasa mkono wa kushoto: tk.

Machweo. Na Machweo ni wazi.

Huyu aliyeingia hakuwa Chui. Alikuwa Kenge, mshirika wa Chui. Kenge hana pumzi nzito. Kenge haongei. Anakuja tumbo chini, ulimi mbele, fya, fya, fya, anaonja hewa kujua nani yuko wapi. Ulimi ulishafika mguuni kwa mtoto mmoja mdogo, Kidawa, ambaye hakuweza hata kulia.

Bi Zawena akavuta jiwe, akaligeuza, akalisukuma kwa bega, kwa kichwa, kwa ule mguu mbovu. Grru! Grru! Grruuu! Jiwe likambana Kenge shingo kwenye ukuta wa mwamba. Kenge akasema neno lake la kwanza: "Kkkhe!" Akajipapatua, akarudi kinyumenyume, na magamba kadhaa akayaacha pale.

Watoto wakamrukia Bi Zawena. Akawahesabu. Kumi na mmoja. Akawahesabu tena.

Baadaye Buibui akamshukia begani. "Bi Zawena, mikono yako imechoka."

"Ichoke tu, mradi haijaachia nyuzi."

"Unaogopa?"

"Sana, mwenzangu. Wakija wawili milango miwili kwa wakati mmoja, mimi sina jiwe la pili. Nina ombi, na ombi lenyewe ni baya. Wale wawili hukutana wapi?"

"Chini ya kichaka cha miiba, pale mbele."

"Unaweza kunifikishia uzi mpaka hapo?"

Buibui akapima umbali kwa macho. Kutoka jabalini mpaka kichakani ni mbali kwa miguu myembamba, na kuna ndege. Lakini alikwenda. Mimi nikiwasimulia habari za Bi Zawena, huwa namtolea na Buibui salamu, maana watu humsahau.

Siku ya tatu, asubuhi, Bi Zawena alikuwa na uzi wa nne sikioni. Ukitikisika kule, maneno yanafika huku, membamba kama mbu.

"Leo wote wawili," alikuwa anasema Chui. "Mimi Mawio, wewe Machweo. Ana jiwe moja yule kiguru."

"Watoto kumi na mmoja," akasema Kenge. "Tunagawanaje?"

"Sita wangu. Watano wako."

"Kwa nini sita wako?"

"Kwa sababu mimi ni Chui."

"Juzi ulisema hivyohivyo, na nikapata mifupa."

"Basi tukutane ndani, tugawane ndani. Asianze mtu kula kabla ya mwenzake."

"Na wewe usianze, Bwana Chui."

"Nani, mimi?"

Bi Zawena akautoa uzi sikioni. Kwa mara ya kwanza tangu wakubwa waondoke, akatabasamu. Siku mbili alikuwa akitafuta kujua wale wauaji wako wapi. Sasa alijua kitu kikubwa zaidi: hawaaminiani.

"Watoto," akanong'ona, "amkeni. Tunatoka Mlango wa Juu. Mmoja mmoja, bila neno. Mkifika kileleni laleni chini ya kivuli cha mwamba, tai asiwaone."

Jiwe akaliacha katikati ya chumba. Milango yote miwili akaiacha wazi, haa! Halafu akaanza kuwapandisha. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Anawasukuma makalio, wanapanda. Wa saba. Wa nane.

Tk.

Kulia. Tk. Kushoto.

Wa tisa. Wa kumi.

Kidawa alikuwa amelala. Maskini, baada ya jana hakulala, na sasa usingizi ulikuwa umemshinda. Bi Zawena akamburuta kwa ngozi ya shingo, akamtia tunduni, akamsukuma. Nyuma yake: hhhaaa. Kule upande wa pili: fya, fya, fya. Akajivuta mwenyewe. Mikono miwili imepanda, mguu mzima umepanda. Mguu mbovu haukupanda. Ulining'inia pale chumbani kama tunda, na pumzi ya Chui ikaupiga, ya moto.

Bi Zawena hakuvuta kwa nguvu. Angevuta kwa nguvu, ungekwaruza mwamba na Chui angesikia. Aliuvuta polepole, polepole, kama mtu anayetoa uzi kwenye sindano. Chui akanyoosha shingo kuelekea harufu ile.

Mguu ukatoka.

Chui pale chini, gizani, akapapasa. Akagusa kitu cha duara, kinono, kimetulia. "Huyu ndiye mkubwa wao," akajisemea, na ahadi ya kugawana akaisahau palepale. Akauma kwa nguvu zote.

Ka!

Jino likavunjika. Lakini hakulia; alipata aibu, maana Kenge yuko hapohapo, atajua kwamba ameanza kula.

Bi Zawena akaweka mdomo kwenye tundu. Nimewaambia, pimbi ana sauti. Akaishusha mle chumbani, akaifanya ya Kenge: "Fya, fya! Mtamu huyu! Huyu wa tatu! Chui mjinga atakuta manyoya."

"Kenge!" Chui akanguruma. "Umeshakula watatu?"

"Sijala hata mmoja!" Kenge akasema, na alikuwa anasema kweli.

Bi Zawena akabadilisha sauti, akaifanya nene: "Hhhaaa! Nikimaliza watoto, nakula na huyo mjusi wa magamba."

"Umesema nini, Bwana Chui?"

"Sijasema kitu! Nionyeshe mdomo wako!"

"Nionyeshe wako wewe! Nasikia unatafuna!"

"Natafuna jino langu!"

"Muongo!"

Oo, jamani! Pu! Paa! Grrrau! Kkkhe! Vumbi likatoka milango yote mitatu. Chui akapiga kucha, akapata magamba. Kenge akapiga mkia, chwaa, akapata pua. Watoto kumi na mmoja kileleni wamefunga midomo kwa mikono, macho yamewatoka. Kenge akaliuma sikio la Chui, na Kenge akiuma hajui kuachia. Chui akatoka Mlango wa Machweo mbio, analia kama paka aliyekanyagwa, na Kenge ananing'inia sikioni kama hereni.

Wakavuka uwanda namna hiyo. Na pale uwandani ni nani walikuwa wanarudi? Pimbi wakubwa, mashavu yamejaa matunda. Wakamwona Chui anakuja moja kwa moja juu yao, wakajua wamekufa. Wengine wakafumba macho. Chui akawapita katikati, hakumtazama mtu. Bwana Sufiani akameza tunda lake zima kwa mshangao.

Wakakimbia mpaka jabalini. Watoto wakateremka, wote wanaongea pamoja. Wakahesabiwa. Kumi na mmoja. Mama yake Kidawa akamnusa mwanawe kichwa mpaka kidole, akakaa chini, akampakata.

Bwana Sufiani akamwendea Bi Zawena. "Dada, kulikuwaje huku?"

"Kulikuwa kimya kimya," akasema Bi Zawena, "ila mwisho wali..."

Na hakumaliza. Alilala palepale ameketi, kinywa wazi.

Hakuna aliyemwamsha. Bwana Sufiani akasimama mbele yake kumkinga jua. Mama yake Kidawa akaliweka tunda bora pembeni yake, na jingine kule juu kwa Buibui, ambaye matunda hali, lakini alipokea. Na siku hiyo, na iliyofuata, ukoo mzima wa pimbi, watu wa makelele wale, walizungumza kwa kunong'ona. Mimi nimesikia sifa nyingi anazopewa mtu shujaa, ngoma, vigelegele, lakini pimbi kunyamaza siku mbili kwa ajili ya mtu? Hiyo sijaisikia tena.

Sasa, funzo. Hadithi bila funzo wazazi wenu watasema nimewapotezea muda. Funzo ni hili: ukienda nyumbani kwa jirani kula watoto wake, nenda na mtu mnayeaminiana.

— Eee! Hilo si funzo, bibi!

Si funzo? Basi chukueni jingine: usifanye kazi na Kenge, utapoteza sikio.

Hadithi nimeitoa mdomoni, nimeiweka masikioni mwenu. Ikiwawasha, jikuneni.

— Tumejikuna, na bado inawasha!

Basi kalaleni nayo.