Mbeba Sale

Mbeba sale hapungui kimo. Ndivyo baba yenu alivyosema asubuhi, alipochuma jani la sale akaenda nalo kwa mdogo wake, nanyi mkabaki mnachekeana kwamba mkubwa anakwenda kumwomba radhi mdogo. Sasa mnataka kujua msemo huo umetoka wapi. Endeleeni kuchambua hayo maharage, niwaambie.

Hapa kwetu mlimani sale, mmea huu wa majani marefu, lina kazi mbili. Tunalipanda kuwa mpaka kati ya kihamba na kihamba, yaani migomba ya mtu na migomba ya jirani yake. Tena mtu akikosa, huchuma jani lake akampelekea aliyemkosea, na huyo hana ruhusa ya kulikataa.

Zamani alikuwapo mzee wa kanisa aitwaye Anaeli. Alikuwa mrefu hata watu wakamtania kwamba yeye hunyeshewa kabla ya wengine. Maneno ya Sulemani juu ya hekima alikuwa nayo kichwani, na hakuyatumia kujionyesha. Ugomvi wa mashamba ukiwashinda watu wa ukoo, waliupeleka kwake.

Siku moja aliitwa na mjane kijana, Aikande, mama wa watoto watatu. Alidai kwamba jirani yake Ndemasi amesogeza masale na kumega kihamba chake, tena pale penye migomba inayolisha wanawe. Ndemasi akakana. Anaeli akautazama mstari wa masale, akauona umenyooka, umesitawi. Hakuuliza zaidi. Akamwambia mjane mbele ya watu, "Mama, Maandiko yanatukataza kuugusa mpaka wa wazee. Ridhika na chako."

Aikande akaondoka. Tangu siku ile akaitwa mwongo, na wanawe wakawa wanashindia viazi vya kuombaomba.

Masika yakaja. Anaeli alikuwa akifuata mfereji wa maji unaopita kwa Ndemasi, akaona machipukizi ya sale katikati ya migomba, mstari mzima, kutoka mferejini hadi njiani. Mnajua sale lilivyo. Ukiling'oa ukabakiza mzizi, mvua ikinyesha linachipua. Mpaka wa kweli ulikuwa miguuni pake.

Ndemasi akaja mbio na jembe. "Mzee, nitayang'oa leo hii. Hakuna aliyeyaona."

"Mimi nimeyaona."

"Basi fikiria jina lako. Hukumu yako ikianguka, kesho nani atakusikiliza?"

Neno lile lilimwingia Anaeli. Jina jema alilipenda, na nani asiyelipenda? Kisha akainama, akachuma jani kwenye chipukizi mojawapo.

"Miaka yote nawafundisha watu kwamba kiburi hutangulia, anguko linafuata," akasema. "Sasa wataka niongozane nacho?"

Akalibeba jani mkononi mchana kweupe, siku ya soko. Watu walimwamkia, wakaliona jani, salamu ikawaishia mdomoni. Mzee kama yeye kumpelekea sale mwanamke wa umri wa binti yake, hilo hawakuwa wameliona. Mlango wa Aikande ulikuwa mfupi, ikambidi ajikunje ndipo aingie.

"Mwanangu, nilikuhukumu vibaya," akasema. "Nilijiona najua, nikaacha kuuliza."

Aikande akalipokea jani kwa mikono miwili. "Sale silikatai, baba. Lakini uliniaibisha mbele ya watu."

"Ni kweli. Na mbele ya watu nitalirudia neno hili."

Jumapili akasimama kanisani na jani lile lile, limeshaanza kunyauka, akasema kwamba Aikande alisema kweli na aliyekosa ni yeye Anaeli. Ndemasi hakumtaja. Ndemasi akainuka mwenyewe, akakiri huku analia, na kesho yake akayarudisha masale mahali pake.

Walipotoka nje, wengine wakaanza kunong'ona kwamba leo mzee amepungua. Aikande akawasikia. Wakati huo huo Anaeli alikuwa akitoka, ameinamisha kichwa asigonge kizingiti cha juu, kama alivyozoea.

"Mtazameni," Aikande akawaambia. "Amepungua wapi? Mbeba sale hapungui kimo."

Wakacheka, kisha wakatulia. Tangu hapo watu walimletea mashauri yao hata kutoka ng'ambo ya korongo, kwa kuwa walijua kwamba huyu akikosea atarudi.

Nampenda mzee yule, ingawa sikumwona. Habari zake nilizipata kwa mama yangu, mmoja wa wale watoto watatu walioirudia migomba yao. Wenye maneno ya hekima nimewasikia wengi, wajukuu zangu, lakini waliojikunja mlangoni kwa mjane ni wachache mno.

Haya, sikilizeni huko njiani. Si sauti mbili zile? Baba yenu anarudi na mdogo wake. Ongezeni maharage chunguni, na nisimwone wa kucheka. Mbeba sale hapungui kimo.